MBWA WAKO SI MKOROFI, ANAKUOGOPA

Haya wadau, leo najua wengine mtaguna. Mtasema foleni haziishi, mafuta ya kula hayashikiki, halafu huyu dada anatuletea habari za kuogesha mbwa. Sawa, guneni. Ila someni mpaka mwisho, kwa sababu habari hii ina kijana aliyechanwa mkono, ina mbwa aliyehukumiwa kifo bila kusikilizwa, na ina mimi mwenyewe, niliyekuwa nimesimama pembeni nacheka.

Kwa baba yangu mdogo, Tabata, kuna mbwa anaitwa Bosi. Ni mbwa wa kienyeji aliyechanganyika na kitu ambacho ba'mdogo anaapa kuwa ni German Shepherd. Kazi yake ni ulinzi. Mchana yuko bandani, usiku anafunguliwa. Na kila baada ya wiki mbili, Jumapili baada ya chai, Bosi huogeshwa kwa sababu ya kupe.

Kuoga kwenyewe kulikuwa hivi. Kijana wa kazi anaingia bandani na kamba ya katani. Bosi akiiona tu anajibanza kona, mkia umeingia katikati ya miguu. Anavutwa shingo mpaka kwenye mwembe, anafungwa kamba fupi kiasi kwamba pua inagusa shina. Mdomo unafungwa kwa kipande cha manila. Halafu mpira wa maji, wa baridi, usoni. Halafu dawa ya josho, ile ya ng'ombe, iliyopimwa kwa jicho, inamwagwa kuanzia kichwani. Akijitikisa, bakora. Akilia, watoto wa jirani waliopanda ukutani wanaangua kicheko.

Na mimi nilicheka. Mwaka juzi nilimrekodi kwa simu na kuwatumia marafiki, "mcheki Bosi anavyoogopa maji kama mtoto". Watu walicheka sana. Ile video bado ninayo. Siifuti, niweke kumbukumbu ya ujinga wangu.

Jumapili moja mwaka jana ile manila ikafyatuka. Sikuona hata ilivyotokea. Niliona tu kijana amekaa chini, ameshika mkono wa kulia, damu inachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Neno la kwanza alilosema ni, "Samahani baba." Ameumwa yeye, na anaomba msamaha yeye!

Ba'mdogo akatoka, akaangalia, akatoa hukumu hapo hapo: "Huyu mbwa ameshakuwa mkorofi. Kesho namwita bwana mifugo aje ammalize." Mimi nikafanya kitu kimoja cha maana siku ile. Nikamkalisha kijana bombani, tukaosha jeraha kwa sabuni ya mche na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kwa saa, kisha tukaenda hospitali. Swali la kwanza la daktari: mbwa amechanjwa? Nikapiga simu nyumbani watafute kadi. Chanjo ya kichaa cha mbwa ilikuwa imeshapitwa na muda.

Kwa nini haikurudiwa? Hapa ndipo moto uliponiwaka. Ba'mdogo si mchoyo wa hela. Bwana mifugo alishakuja, sindano mkononi, na akashindwa kumshika Bosi. Watu watatu wakashindwa. Wakasema watarudi siku nyingine, na ile siku nyingine haikufika.

Unaona mnyororo ulivyo? Tulimfundisha mbwa kwamba kushikwa na mtu ni mateso. Kwa hiyo hashikiki. Kwa hiyo hachanjwi. Kwa hiyo siku anapouma, kijana wa watu anachomwa sindano za dharura na kukesha akiwaza kama atakufa. Na sisi tunamwita mbwa mkorofi!

Tusidanganyane kuhusu kichaa cha mbwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, kupona ni nadra mno hata madaktari hawaikalii hesabu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kwa mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na watoto wa chini ya miaka 15 ni karibu asilimia 40. Karibu maambukizi yote kwa binadamu, asilimia 99, yanatokana na mbwa. Dawa ya kuuzuia inajulikana: ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa unakosa njia ya kusambaa. Lakini ili umchanje mbwa ni lazima umshike. Na mbwa hajifunzi kushikwa siku ya sindano. Anajifunza siku ya kuogeshwa.

Daktari akatuambia jambo jingine ambalo ba'mdogo hakulipenda: mbwa asiuawe. Afungiwe na aangaliwe siku 10. Akiwa mzima baada ya siku hizo, maana yake hakuwa na virusi mateni siku alipouma. Ukimuua kwa hasira na kumfukia, unafukia na jibu. Kwa hiyo Bosi akapata siku 10 za uhai kwa amri ya daktari, na mimi nikapata siku 10 za kufikiri.

Sasa naomba nijibu zile hoja ambazo tumezikariri toka utotoni. Nazijua zote, na mimi nilikuwa nazisema.

Hoja ya kwanza: "Ni mkorofi tu." Mkorofi anayejibanza kona? Mkorofi anayejikojolea akiona kamba? Siku hizo 10 nilianza kumtazama Bosi kwa mara ya kwanza, maana kumbe nilikuwa namwona tu. Mtu akikaribia banda na ndoo, Bosi alikuwa anajilamba pua wakati hakuna chakula. Anapiga miayo wakati hana usingizi. Anageuza kichwa pembeni lakini jicho linabaki kwako, mpaka weupe wake unaonekana. Masikio yamelala nyuma, uzito wote umehamia miguu ya nyuma. Hizo zote ni sentensi, wadau. Anasema "naogopa, naomba nafasi". Akiona husikii, anaguna. Na sisi akiguna tunampiga. Matokeo yake anajifunza kutoguna. Mbwa aliyepigwa kwa sababu ya kuguna hajaacha kuogopa, amenyang'anywa king'ora tu. Kesho anauma bila taarifa, halafu tunasema "ameuma ghafla". Hakuna ghafla hapo.

Kila mwanafunzi wa saikolojia amesikia habari za Ivan Pavlov, Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya mmeng'enyo wa chakula. Mbwa wake walifikia kudondosha mate kwa kusikia tu ishara iliyozoeleka kuja kabla ya chakula. Tunaifundisha darasani, tunajibu mtihani, tunapata A, halafu tunarudi nyumbani na kamba ya katani. Wazee walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Bosi aliumwa na kamba ile kila baada ya wiki mbili kwa miaka minne. Ulitaka asishtuke?

Hoja ya pili: "Mbwa wa ulinzi ukimbembeleza anakuwa lelemama." Hii ndiyo inayonichekesha. Mbwa anayemwogopa mwenye nyumba anamlinda nani? Mbwa mwoga hachagui. Anamvaa mtoto aliyekuja kuokota mpira sawasawa na anavyomvaa mwizi, na siku mwizi akija na rungu, mwoga huyo huyo anakimbilia chini ya gari. Polisi na majeshi wanaotumia mbwa wanawazoesha kukaguliwa makucha, masikio na meno wakiwa wametulia. Hao nao ni lelemama?

Hoja ya tatu: "Huo ni uzungu." Hapa nitamwachia mwenye mkono wenye kovu azungumze. Yule kijana ametoka Singida, amechunga toka mdogo. Siku ya nne baada ya kuumwa, bandeji mkononi, alikuja tukakaa naye mbele ya banda. Akaniambia, "Dada, kwetu ng'ombe mwenye kupe humpigi. Unamkuna kwanza. Unamkuna shingoni, anainua kichwa mwenyewe, ndiyo unatoa kupe mmoja mmoja huku unamkuna. Ukimpiga leo, kesho unamfukuza pori zima."

Nikamuuliza, sasa Bosi ulikuwa unampiga kwa nini? Akaangalia chini. "Niliambiwa mbwa ndivyo anavyooshwa."

Nilikaa kimya. Ujuzi tulikuwa nao pale pale uani, tukaupa kamba na kuuamuru ufanye ushenzi. Daktari wa mifugo wa Marekani, Sophia Yin, aliyefariki mwaka 2014, alitoa kitabu kizima mwaka 2009 juu ya kuwashika mbwa na paka bila kuwatia hofu. Kitabu kizuri. Lakini kiini chake kijana wa Singida alikuwa nacho toka akiwa na miaka saba, na hakuna aliyemuuliza. Kwa hiyo msiniambie ni uzungu. Na ndugu zangu Waislamu, sijasema mumkumbatie mbwa wala mlale naye. Najua habari ya najisi na naiheshimu. Lakini mnakijua pia kile kisa katika hadithi cha mtu aliyeshuka kisimani akamchotea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, na Mungu akamsamehe. Huruma haihitaji kumkumbatia.

Hoja ya nne: "Nani ana muda huo?" Siku ya 11 Bosi alikuwa mzima. Ba'mdogo akatupa mwezi mmoja. Nawaeleza tulichofanya ili muone muda wenyewe ulivyokuwa mwingi: dakika 10 jioni, basi.

Wiki ya kwanza hatukumgusa. Kijana alikaa kwenye kigoda nje ya banda, ubavu kwa ubavu bila kumtazama machoni, akawa anarusha dagaa. Kamba ya katani tuliichoma moto, tukanunua mkanda mpana wa shingo na kamba mpya ndefu. Kamba ikitokea, dagaa wanatokea. Kamba ikiondoka, dagaa wanaisha. Siku ya sita Bosi aliiona kamba na kutikisa mkia nusu. Nusu tu, lakini niliona.

Wiki ya pili mkono. Unaanzia begani au kifuani, kamwe usianzie juu ya kichwa, maana mkono unaoshuka kutoka juu anaujua. Gusa sekunde moja, kipande cha ini la kuchemsha. Gusa sekunde mbili, kipande kingine. Na kanuni ngumu kuliko zote: unaacha kabla yeye hajataka uache. Akijilamba pua au akigeuza shingo, umeshapitiliza, rudi nyuma. Watu wengi tunafeli hapo kwa sababu tunataka kumaliza. Mkono mtupu haulambwi, na mkono wenye haraka haulambwi pia.

Wiki ya tatu tukahamia bafuni kwake. Si pale kwenye mwembe, pale pameshaharibika. Tulitandika gunia juu ya sementi kwa sababu mbwa akiteleza anaingiwa na hofu kabla hata maji hayajamgusa. Karai tupu. Anakula ndani ya karai tupu. Siku nyingine kopo moja la maji miguuni, maji yaliyokaa juani kwenye ndoo yakapata uvuguvugu. Kopo, siyo mpira. Mbwa anasikia sauti nyembamba ambazo sikio lako halizifikii, sasa fikiria ule mluzi wa mpira wa maji sikioni kwake. Kutoka miguuni tukapanda mgongoni. Usoni hatumwagi, tunafuta kwa kitambaa. Masikioni maji hayaingii kabisa.

Sabuni ya unga tuliacha, maana inamkausha ngozi, anajikuna mpaka vidonda, na siku ya kuguswa vidonda vile ndiyo vinauma. Sabuni ya mbwa ipo kwenye maduka ya mifugo. Na dawa ya josho iliyopimwa kwa jicho tuliitupa. Nyingi kati ya dawa hizo zina amitrazi. Kwa mbwa ikizidi kipimo, au akiilamba kwenye manyoya, inamlegeza na kupunguza mapigo ya moyo. Ule ulegevu ba'mdogo alikuwa anausifia, "ona alivyotulia baada ya kuoga!" Hakuwa ametulia, alikuwa amelewa sumu. Bwana mifugo alitupa dawa ya matone ya kuweka ngozini kwenye ukosi, kulingana na uzito wake. (Wenye paka: dawa ya kupe ya mbwa usimwekee paka bila kuuliza, nyingine zinamuua.)

Na ile tabia ya kufunga mdomo kwa kamba, nawaomba mwiache leo. Mbwa hatoi jasho kama wewe, anapoza mwili kwa kuhema mdomo wazi. Ukimfunga mdomo kwenye joto la Dar, huku moyo unamwenda mbio kwa hofu, unaweza kumuua hapo hapo. Kama unahitaji usalama, na sisi tuliuhitaji, kuna kikapu cha mdomo ambacho ndani yake anaweza kuhema na kunywa maji. Nacho ni hivyo hivyo: weka ini ndani, aingize pua mwenyewe, siku nyingi kabla hujafunga mkanda wake.

Kucha tuliacha mwisho. Bosi alikuwa na kucha ya pembeni, ile isiyogusa ardhi, imejikunja karibu imchome nyama. Miaka yote hakuna aliyeiona kwa sababu hakuna aliyemgusa mguu kwa amani. Ndani ya kucha kuna mshipa wa damu na neva. Kwenye kucha nyeusi hauonekani, kwa hiyo unakata kidogo kidogo, ncha tu, kucha moja kwa siku. Ukikosea mara moja, umerudi wiki ya kwanza.

Hayo yote yalichukua wiki saba, ukiwa mwezi tuliopewa na wiki nyingine tulizoomba kwa magoti. Wiki ya saba bwana mifugo akaja na chanjo. Kijana alikaa kwenye gunia, akamkuna Bosi shingoni kwa mkono wenye kovu, kwa mkono mwingine akawa anamlambisha uji wenye ini kutoka kwenye sahani. Sindano ikaingia begani. Bosi aligeuka, akaangalia, akarudi kwenye sahani. Sekunde tatu! Mbwa yule yule aliyewashinda watu watatu.

Sitawadanganya kuwa ni mbwa mpya. Mpira wa maji mpaka leo ukiburuzwa tu anaondoka. Kichwani anaguswa na kijana peke yake, mimi bado naishia shingoni. Mvua yenye radi inaturudisha nyuma siku mbili. Miaka minne ya hofu haifutwi na kilo mbili za ini.

Lakini hasira yangu haijaisha, na nawageukia nyie wenzangu, wasomi wa mjini, mnaosoma hapa mkiwa ofisini. Mnanunua mtoto wa mbwa kwa laki kadhaa, mnapiga naye picha akiwa mdogo na mzuri. Akikua anafungiwa bandani, anakabidhiwa kijana mnayemlipa mshahara ambao hamthubutu kuutaja hadharani, pamoja na kamba. Hofu mnayoipanda nyie, anaivuna yeye. Hamwumwi nyie. Anaumwa yule ambaye akiumwa anaomba msamaha. Mnajua pia kwamba tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama toka mwaka 2008? Inakataza kumtesa mnyama, na Jumapili baada ya chai haikuwekewa msamaha humo.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Jumapili hii usimtume mtu. Chukua kigoda, chukua dagaa wa mia tano, nenda kakae nje ya banda la mbwa wako. Usimguse. Mtazame tu anakuonaje. Kama akija, vizuri. Kama akijibanza kona, basi umeshapata ripoti kamili ya jinsi mnavyoishi naye hapo nyumbani, na haijaandikwa na mwandishi wa habari.

Ba'mdogo kasoma rasimu ya habari hii. Akasema nimemwaibisha. Nikamwambia, "Samahani baba," nikakumbuka nani alisema maneno hayo kabla yangu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama ini limebaki kwenye friji.

Naomba kutoa hoja.